Kijiko cha manjano kinaishia wapi mwilini?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 43, uzito kilo 96, urefu sentimita 162. Wiki iliyopita nilipima damu nikaambiwa CRP yangu, kipimo cha uvimbe kwenye damu, ni 6.2 na kwamba mwili wangu una uvimbe wa ndani unaoletwa na unene. Usiku ule sikulala. Rafiki yangu akanituliza kwamba mimea ina kemikali zinazozima uvimbe huo, akanifundisha kunywa manjano na pilipili manga kwenye maji ya uvuguvugu kila asubuhi. Sasa nimeletewa vidonge vya manjano vya miligramu 1,000. Natumia pia dawa ya kuzuia damu kuganda, maana mwaka jana nilipata bonge la damu mguuni. Je, hizo kemikali zinafanya kazi kweli? Na ninywe kiasi gani?

Jibu: Dada, kabla ya yote, vidonge hivyo viweke kando. Sisemi manjano ni sumu. Ila vidonge vyake, hasa vilivyoongezwa piperini (ndiyo inayoipa pilipili manga ukali wake), vinaweza kubadilisha jinsi utumbo na ini vinavyoishughulikia dawa yako. Damu inaweza kuwa nyepesi kupita alivyokusudia daktari, na usijue mpaka siku utakapotokwa damu puani ikagoma kukata. Nenda na kopo lenyewe kwa daktari aliyekuandikia dawa, asome kilichomo. Wala usithubutu kuacha dawa ili uvipishe vidonge. Kwa mtu aliyewahi kupata bonge la damu, hiyo ni hatari kubwa zaidi.

Pole pia kwa usiku ule. Lugha yetu imelitwisha neno uvimbe mizigo mingi: tunalitumia kwa kinyama kinachoota tumboni, kwa kifundo cha mguu kilichoteguka, na pia kwa hali hii uliyotajiwa. Ukiambiwa juu juu tu, lazima moyo ukimbilie kwenye lile baya kuliko yote. Uvimbe wako hauna donge la kukata wala si saratani. Wengine huuita mcharuko, na pengine neno hilo lingekupa usingizi. Ni kinga ya mwili iliyoamka na haikurudi kulala, inafukuta chinichini miezi na miaka bila homa wala maumivu.

Inaanzia kwenye seli za mafuta. Zamani tuliziona kama magunia ya akiba tu. Mwaka 1993 watafiti Gökhan Hotamisligil, Bruce Spiegelman na mwenzao walionesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa TNF, kemikali ileile ambayo kinga huitoa inapopambana na vijidudu, na kwamba ukiizuia, insulini ya panya hao hufanya kazi vizuri zaidi. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti yakagundua kwamba tishu ya mafuta ya mnyama mnene hujaa makrofeji, zile seli za kinga zinazomeza uchafu na mizoga ya seli. Ukiitazama tishu hiyo kwa hadubini unaona picha usiyoisahau: seli ya mafuta iliyotuna mpaka ikafa, na makrofeji zimeizunguka pande zote kama shada, zinaila taratibu. Seli inapojazwa kupita kiasi, oksijeni huifikia kwa shida, kuta zake huchoka, nayo hutoa ishara za kuomba msaada. Makrofeji zinazoitika zinatoa TNF na kemikali nyingine ya kinga, IL-6. IL-6 inasafiri na damu hadi kwenye ini, ini linajibu kwa kutengeneza protini iitwayo CRP, nawe unapewa karatasi yenye 6.2.

Namba hiyo ni miligramu kwa lita moja ya damu. Kwa hatari ya moyo, chini ya 1 huhesabiwa nzuri, kati ya 1 na 3 ni ya wastani, juu ya 3 ni kubwa. Ikipita 10, kwa kawaida tunatafuta maambukizi au ugonjwa mwingine kabla ya kuulaumu unene. Yako iko pale tunapowakuta watu wengi wenye uwiano wa uzito na urefu kama wako, ambao kwa hesabu yangu ni 36 na ushei, wakati unene uliokithiri unaanzia 30.

Sasa tuje kwenye mimea. Rafiki yako hajakudanganya. Mimea haina miguu ya kukimbia, kwa hiyo inajilinda kwa kemikali: dhidi ya jua kali, wadudu, ukungu. Ndizo rangi, uchungu na ukali tunaoonja. Kwersetini imo kwenye vitunguu na matufaha, antosiani ndizo zinazoipa zabibu nyeusi na kabichi ya zambarau rangi yake, likopeni imo kwenye nyanya, na kurkumini ndiyo umanjano wa manjano. Maabara yameonesha mara nyingi kwamba viambata hivi vinaweza kuzuia NF-kB, swichi iliyomo ndani ya seli ambayo ikiwashwa huamuru TNF na IL-6 zitengenezwe. Baadhi yake pia huiwasha swichi nyingine, Nrf2, inayoagiza vimeng'enya vya kujilinda. Haya si porojo, yanaonekana na yanapimika.

Tatizo ni kwamba yanaonekana kwenye kisahani cha maabara. Niliwahi kufanya kazi na kurkumini nikiwa mwanafunzi, na kitu cha kwanza ilichonifundisha ni kwamba haipatani na maji. Unaimwaga, unakoroga, inashuka chini kama vumbi la matofali. Ilibidi tuiyeyushe kwanza kwenye kimiminika maalumu ndipo tuidondoshee seli, na kipimo tulichotumia ni kile ambacho damu ya binadamu haikifikii hata ale manjano kutwa nzima. Koti langu lilibaki na madoa ya manjano mpaka nilipolitupa. Seli zilitulia, grafu zikapendeza, nasi tukafurahi. Hakuna aliyeuliza kipimo kile kingefikaje kwenye mafuta ya mtu aliye hai.

Basi tukifuatilie kijiko chako cha asubuhi. Kijiko kidogo cha manjano ya unga ni kama gramu 3. Kurkumini ndani yake huwa kama asilimia 3, yaani miligramu 90 hivi. Majaribio mengi ya kurkumini kwa watu hutumia kati ya miligramu 500 na 1,500 kwa siku, kwa hiyo kijiko chako si hata robo ya dozi ndogo kabisa. Iache glasi yako mezani dakika kumi, utaukuta unga umelala chini. Ulichokunywa juu ni maji yenye rangi. Kinachoingia tumboni hakinyonywi vizuri, na kile kidogo kinachonyonywa, ukuta wa utumbo na ini hukifungia vitambulisho vya kukitoa nje. Kilichobaki huru kwenye damu ni kidogo kiasi kwamba hata watu wanaomeza gramu kadhaa, mara nyingi vipimo havikioni.

Hapo ndipo pilipili manga inapoingia. Jaribio la mwaka 1998 lilionesha kwamba miligramu 20 za piperini ziliongeza kurkumini kwenye damu ya watu mara 20, na namba hiyo imechapwa kwenye makopo mengi. Lakini mara 20 ya karibu na sifuri bado ni kidogo. Na piperini haifanyi miujiza: inaziba mlango ambao ini na utumbo hutumia kutoa kemikali za kigeni. Mlango huohuo hupitisha dawa nyingi za hospitali. Ndiyo maana nilikutoa mbio kwenye vidonge kabla hata ya salamu kukolea.

Utaniuliza, je, wanaomeza dozi kubwa za vidonge wanapata nafuu? Ukiyakusanya majaribio, CRP hushuka kidogo kwa kurkumini, lakini mengi ni madogo, mafupi, na hayakufanywa kwa umakini unaotosha kuyategemea. Resveratroli, ya kwenye maganda ya zabibu, ina kisa kinachoeleza vizuri zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi waliwapa wanaume 11 wanene miligramu 150 kwa siku kwa siku 30, na viashiria vya uvimbe vikapungua. Habari ikaenea. Mwaka 2013 Wadenmark wakawagawa wanaume 24 wanene makundi mawili, moja likapewa miligramu 1,500 kwa siku, dozi mara kumi, kwa wiki 4: hakukuwa na tofauti na waliomeza kidonge kisicho na dawa, si kwenye insulini, si kwenye viashiria vya uvimbe. Habari hiyo ya pili haikuenea. (Na kwa anayetaka kujitetea kwa divai nyekundu: lita moja ina miligramu chache tu, hesabu mwenyewe ni mapipa mangapi.)

Dozi kubwa pia zina upande wa pili. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya jaribio la Finland lililohusisha wanaume wavutaji sigara 29,133. Beta-karotini, rangi ya karoti ambayo kila mtu aliamini ingewakinga, ilipotolewa kama kidonge cha miligramu 20 kila siku, saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba vidonge vyenye miligramu 800 au zaidi kwa siku za EGCG, kiambata kikuu cha chai ya kijani, vinahusishwa na dalili za ini kuumia, ingawa chai ya kunywa kwa kawaida haina tatizo hilo. Vidonge vya manjano navyo vimeripotiwa kuumiza ini katika nchi kadhaa, Italia ikiwa mojawapo. Sijasikia sahani ya mchuzi ikimfanyia mtu hivyo.

Kwa nini basi bado nakutaka ule mboga kwa wingi, kama viambata vyenyewe havifiki kwenye mafuta? Kwa sababu si lazima vifike. Sehemu kubwa ya polifenoli (kundi la viambata vya mimea ambamo wamo kwersetini, antosiani na kurkumini) tunazokula hainyonywi juu, inateremka hadi utumbo mpana, na huko wapo wanaozisubiri. Bakteria huzivunjavunja kuwa kemikali nyingine ndogo, baadhi zikanyonywa kirahisi kuliko mama zao. Za komamanga na jozi, kwa mfano, hugeuzwa kuwa urolithini, ila si kwa kila mtu. Wapo ambao bakteria zao hazijui kazi hiyo, na hakuna kidonge cha komamanga kitakachowasaidia kwa njia hiyo. Pamoja na polifenoli inateremka nyuzilishe, zile nyuzi za mmea tusizoweza kuzimeng'enya, nayo bakteria huichachua kuwa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana.

Ukuta huo una uhusiano wa moja kwa moja na swali lako. Mwaka 2007 mtafiti Patrice Cani na wenzake walionesha kwamba panya wakilishwa mafuta mengi, vipande vya maganda ya bakteria huvuja kutoka kwenye utumbo na kuingia kwenye damu, na kwamba kuwaingizia panya wengine vipande hivyo mfululizo chini ya ngozi kwa wiki 4 kulitosha kuwaletea dalili zilezile za unene na uvimbe. Kinga ikikutana na maganda hayo inadhani kuna uvamizi, na NF-kB inawaka. Mimi naamini kazi kubwa ya viambata vya mimea inafanyika hapa, kwenye huu ukuta, kabla ya damu. Hapo kutonyonywa si kasoro tena. Lakini hapo pia kidonge hakishindani na bakuli la maharage, kwa kuwa kidonge kimeacha nyuzilishe nyuma.

Jikoni kuna mambo machache yenye faida. Kitunguu maji hubeba kwersetini nyingi kwenye tabaka za nje, zile ambazo wengi tunazimenya na kuzitupa kwa haraka; menya ganda kavu tu, uishie hapo. Ukikichemsha, sehemu yake inahamia kwenye maji, kwa hiyo kunywa mchuzi. Kitunguu saumu kiponde halafu kiache dakika kumi kabla ya kukitia jikoni, kwa sababu alisini, kiambata kinachokipa harufu yake kali, haimo ndani ya punje nzima, inazaliwa kinapopondwa, na moto unakiua kimeng'enya kinachoizalisha. Kabichi na brokoli ni habari hiyohiyo: kiambata chao sulforafeni, kilichotengwa na kina Paul Talalay wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwaka 1992, hutokea mboga inapokatwa, basi zikate kwanza, zipumzike, na usizichemshe hadi zikawa uji. Nyanya kinyume chake: moto na mafuta kidogo huifungua likopeni. Manjano yako yahamishie huko, kwenye chungu chenye mafuta, yatoke kwenye glasi ya maji.

Nimesema mafuta kidogo kwa makusudi. Gary Beauchamp, mtaalamu wa ladha, akiwa Sicily alionja mafuta mapya ya zeituni akahisi yanawasha koo kwa namna anayoijua: kama dawa ya ibuprofeni ya maji. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha kwamba kiambata kinachowasha, oleokanthali, huzuia vimeng'enya vilevile vinavyozuiwa na ibuprofeni. Ugunduzi mtamu. Ila kwa makadirio yao, gramu 50 za mafuta hayo ni sawa na sehemu moja ya kumi ya dozi ya mtu mzima ya kuondoa maumivu, na gramu 50 za mafuta yoyote ni kilokalori 450. Ukijimiminia kama dawa, utakuwa unazijaza seli zilezile tunazotaka zipungue.

Hapo ndipo ninapotofautiana na rafiki yako. Makrofeji zile hazikuja kwenye mafuta yako kwa kukosa manjano. Zilikuja kwa sababu seli zimejaa kupita uwezo wake. Jaribio la Naples, Italia, lililochapishwa mwaka 2003 liliwafuata wanawake wanene 120 kwa miaka miwili. Nusu yao walielekezwa kwa kina jinsi ya kula mboga, matunda, kunde, nafaka zisizokobolewa na mafuta ya zeituni, kupunguza kalori na kutembea zaidi, kwa lengo la kupunguza asilimia 10 ya uzito. Kwao CRP na IL-6 zilishuka kuliko kwa wenzao waliopewa ushauri wa jumla tu, na adiponektini, homoni ya mafuta inayotuliza uvimbe, ikapanda. Uchambuzi wa mwaka 2007 uliokusanya tafiti nyingi ulipata kwamba, kwa wastani, kila kilo moja inayopungua inateremsha CRP kwa miligramu 0.13 kwa lita. Kwako, kilo 7 zingeshusha kama 0.9. Najua inasikika kidogo ukilinganisha na ahadi iliyoandikwa kwenye kopo, na ni wastani tu. Wengine hupata zaidi, wengine pungufu. Lakini kilo hizohizo zinashusha na presha na sukari, na kwenye utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002, watu waliokuwa na lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza kisukari kipya kwa asilimia 58.

Kwa hiyo ulipouliza unywe kiasi gani, jibu langu ni kwamba nusu ya sahani iwe mboga za rangi tofauti, kunde ziwepo karibu kila siku, tunda liliwe lenyewe badala ya juisi yake, na manjano yabaki kiungo. Ongeza taratibu, maana tumbo lisilozoea nyuzilishe litakulalamikia wiki ya kwanza.

Kuna angalizo moja linalokuhusu wewe kuliko msomaji mwingine. Kama dawa yako ni warfarini, mboga za kijani kilichokoza zina vitamini K inayovutana nayo. Usiziache, ila kiasi unachokula wiki hii kifanane na cha wiki ijayo, na kabla hujabadilisha mlo mjulishe anayekupima INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) ili akupime mara kwa mara zaidi mwanzoni. Kama ni dawa nyingine ya kundi jipya, hilo la vitamini K halikuhusu, ila la vidonge vya manjano linabaki.

Mwisho, hiyo 6.2 usiitungie mipango yote peke yake. CRP hupanda kwa mafua, jino bovu, fizi zinazotoka damu, hata vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, ingawa wewe, kwa historia ya bonge la damu, vya aina hiyo usingepaswa kuwa navyo. Omba irudiwe baada ya wiki mbili, siku ambayo huna kikohozi wala jeraha, na kipimo kiwe kile cha hali ya juu kinachosoma viwango vidogo. Ukipata hiyo ya pili, chukua wastani wa zote mbili uuandike pamoja na uzito wako wa siku hiyo na mzunguko wa kiuno. Kisha usiiguse CRP kwa miezi mitatu.